Tuwakumbuke kwa Majina: Hotuba ya Katibu wa Kwaya Siku ya Jubilii



Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka 25 ya kuimba. Sare mpya tumevaa, keki iko mezani, na harufu ya pilau imeshatufikia hapa ndani. Lakini mmeona katika ratiba kwamba kabla ya kukata keki tutasimama kimya dakika mbili, kisha tuimbe wimbo mmoja wa kuwakumbuka askari walioanguka na Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani. Kamati ilipokaa kupanga, wako waliouliza: siku ya furaha, mbona tulete kilio? Swali hilo ni la haki, na nimepewa dakika hizi nilijibu.

Kwanza, sisi waimbaji tuna deni. Tarehe 31 Januari 1885, huko Busega karibu na Kampala ya leo, vijana watatu walichomwa moto wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga. Majina yao ni Mako Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga. Kanisa la Uganda limesimulia kizazi hadi kizazi kwamba walikufa wakiimba wimbo wa sifa waliofundishwa na wamishonari. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, wengine wengi waliteketezwa Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Moto haukuwauliza dhehebu. Hata leo kila mwezi wa Juni mahujaji huenda Namugongo, na Wakenya wengine hutembea kwa miguu siku nyingi kufika huko. Wapendwa, sisi stima ikipotea na kinanda kikanyamaza, tunaona ibada imeharibika. Vijana wale hawakuwa na kinanda.

Pili, jambo hili si la zamani tu, wala si la ng'ambo. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wengi walikuwa wanafunzi, na baadhi yao walikuwa wameamka alfajiri kusali. Siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, walikufa pia polisi na wanajeshi. Ndiyo maana katika ratiba yetu askari na waumini wamewekwa pamoja.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Shahidi wa imani hufa bila silaha mkononi. Askari hufa akiwa na bunduki, na vita si kitu kitakatifu hata kidogo. Hatusimami leo kusifu vita. Tunasimama kwa sababu askari ni mtoto wa mtu, na ametumwa na sisi. Wanajeshi wetu walishambuliwa kambini El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na kuna nyumba hapa Kenya ambazo tangu siku hiyo kiti kimoja ni kitupu. Mjane wa askari akija kanisani Jumapili, hatuulizi vita ile ilikuwa ya haki au la. Tunamsogezea kiti na kumpa kitabu cha nyimbo.

Tatu, tuwakumbuke kwa majina. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Waafrika kwa malaki walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutoka kwa jeshi hilo la wapagazi. Pale Kenyatta Avenue iko sanamu ya ukumbusho, na mmoja wa watu watatu waliochongwa ni mpagazi. Lakini aliitwa nani? Alitoka kijiji gani? Wengi wao majina yao yamepotea. Sisi walimu tunajua uzito wa rejista: asiyeitwa jina huonekana kama hakuwako.

Nne, kukumbuka kusiwe kulipiza kisasi. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilivamiwa karibu na Mandera. Wavamizi walitaka abiria Wakristo watengwe, na abiria Waislamu wakakataa kuwatoa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki. Kwa hiyo mtu akitoka hapa leo akimchukia jirani yake Mwislamu, atakuwa hajasikia hata neno moja la hotuba hii. Jina la mwalimu huyo nalo litasomwa.

Ombi langu ni dogo. Kwaya imenunua daftari gumu, liko mezani karibu na mlango. Kila familia iliyopoteza askari, au ndugu aliyeuawa kwa sababu ya imani yake, iandike jina kamili, mwaka na mahali. Akina bibi na babu wasioona vizuri, vijana watawaandikia. Fanyeni hivyo leo, maana wazee wetu wanaondoka na majina vichwani. Kila Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba tutayasoma yote, hata yakichukua muda.

Waraka kwa Waebrania unatuambia tuko katikati ya wingu kubwa la mashahidi. Basi jubilii hii si yetu peke yetu. Tukishasimama kimya, soprano waanze, nasi wengine tufuate, tuimbe kwa nguvu. Halafu tukate keki kwa furaha, bila hatia yoyote.

 

Katibu wa Kwaya