Kuruka Maswali ya Uthibitisho Katika Usakinishaji wa Programu kwa Mstari wa Amri

Katika mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu, programu husakinishwa kwa amri ya apt-get, ambayo, iwapo kifurushi kilichoombwa kinahitaji vifurushi vingine au kinalazimisha vingine viondolewe, huviorodhesha vyote, hutaja nafasi ya diski itakayotumika, kisha husimama ikisubiri idhini ya msimamizi wa seva. Swichi ya -y, ambayo ni ufupisho wa --assume-yes, hutoa idhini hiyo mapema. Katika Arch Linux kazi hiyo hufanywa na --noconfirm.

Wengi hudhani kwamba swichi hiyo hunyamazisha maswali yote, na dhana hiyo si sahihi. Apt-get hupanga shughuli na kupakua vifurushi, ilhali kuvifungua ni kazi ya dpkg, na maswali ya usanidi, yaani yale yanayohusu namna programu itakavyofanya kazi baada ya kusakinishwa, huulizwa na debconf, ambayo haiitambui -y hata kidogo. Kifurushi cha tzdata, chenye kanuni za saa za nchi mbalimbali, huweza kumuuliza mtumiaji achague bara, kisha mji, kwa mfano Nairobi au Dar es Salaam. Swali hilo likijitokeza wakati wa kujenga kontena, ambako hakuna mtu wa kulijibu, kazi hukwama papo hapo. Dawa yake ni kutanguliza DEBIAN_FRONTEND=noninteractive, maelekezo yanayoiambia debconf itumie majibu ya msingi, ingawa jibu la msingi la tzdata ni UTC, na kumbukumbu za seva iliyokusudiwa kufuata saa za Afrika Mashariki zitakuwa nyuma kwa saa tatu.

Hata hapo dpkg inaweza kuuliza swali lake yenyewe, pale inapokuta faili la usanidi lililohaririwa na msimamizi huku toleo jipya la kifurushi likileta faili tofauti. Chaguo la --force-confold hubakisha faili la zamani, na kwa seva inayotoa huduma hilo ndilo chaguo la busara.

Ni haki pia kusema kwamba -y si ya kizembe kama inavyosemwa, kwa kuwa apt-get hukatiza kazi ikiona kifurushi cha lazima kitaondolewa, hata kama swichi hiyo imewekwa. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtengenezaji wa video wa Kanada, alipokuwa akisakinisha programu ya Steam bila -y kwenye mfumo endeshi wa Pop!_OS, aliandika kwa mkono wake sentensi nzima ya kukubali onyo kwamba vifurushi vya lazima vitaondolewa, na mazingira ya dawati yakafutwa; swali lilikuwepo, lakini halikumzuia.

Kwa hiyo hati za amri zinazojiendesha zitumie -y bila hofu, mradi msimamizi awe ameendesha kwanza apt-get -s, inayoonesha mabadiliko yote bila kuyatekeleza, na asiweke kamwe --allow-remove-essential ndani ya hati hizo.