Binti Asipoona Siku Zake

(Mada iliyotolewa na kamati ya mfuko wa jamii siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Igogo)



Katika miaka hii kumi tumekopeshana mitaji ya dagaa, ya vitenge, ya mama lishe, na ada za watoto. Lakini humu ndani sote tunajua kuna mkopo unaoandikwa "biashara" halafu unaishia kwa muuza dawa za kusafisha kizazi. Anayeuchukua mara nyingi ni binti aliyeolewa juzi juzi, hajashika mimba, na mawifi wameanza maneno. Mwezi huu anaona siku zake, halafu miezi mitatu kimya. Akiuliza, anaambiwa ni chango. Mwingine anaambiwa ana jini mahaba. Ataacha kuamini vipi, na hakuna aliyemwambia jingine?

Jingine lipo. Madaktari wanaliita kwa herufi nne, PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanalo, na hadi asilimia 70 ya hao hawajui. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zinazidi. Mayai yanaanza kukua, yanakwama, hayatoki. Ndiyo maana siku zinaruka, chunusi haziishi na ndevu zinaota kidevuni. (Mtaani wanasema ndevu kwa mwanamke ni bahati. Mwenye nazo anazinyoa kwa kujificha.) Vile vifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si saratani, wala si uvimbe wa kukatwa. Ni mayai yaliyokwama, basi.

Dawa ya kuuondoa kabisa hakuna. Lakini jamani, kumwita binti huyo mgumba ni uongo. Wengi wanazaa, wengine wenyewe tu, wengine kwa vidonge vya kupevusha yai anavyoandika daktari. Mume naye apimwe. Na hata asiyetafuta mtoto asinyamaze: ukuta wa kizazi ukikaa muda mrefu bila siku unanenepa, huko mbele unaweza kuleta saratani, na kisukari nacho kinamnyemelea. Wembamba pia wanaupata, msidanganyike. Ila aliyevunja ungo mwaka huu tu, siku zikiruka, msimkimbize hospitali kwa hofu. Mara nyingi mwili bado unajipanga.

Ombi letu kwa mkutano wa mwisho wa mwezi ni hili: mfuko wa jamii ulipie vipimo vya mwanachama au binti yake, ultrasaundi na sukari, bila kurudisha. Sekou Toure na Bugando si mbali na hapa. Daftarini iandikwe "matibabu" tu, jina la ugonjwa lisitajwe.

Mabinti, mwenye swali la faragha amwone mweka hazina. Atabaki hapa mpaka saa kumi na mbili jioni.