Oili ya Injini Iliyozeeka

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za motokaa zilizozeeka, na oili iwezayo kuzilinda zisilike upesi. Huku Kibondo na Kasulu motokaa ya namna hii si kitu cha mchezo. Ndiyo ichukuayo mahindi na maharagwe sokoni, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku. Ikifa mlimani, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Kwanza tueleze kazi ya oili. Ndani ya injini chuma hupita juu ya chuma mara nyingi sana kwa kila dakika. Oili hukaa katikati kama utando mwembamba, vyuma visigusane. Tena huondoa joto, na hubeba masizi na uchafu mpaka kwenye chujio. Utando ukikatika, chuma hula chuma.

Watu wengi hudhani ya kuwa injini kuukuu yataka oili nzito kupita zote. Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli wote. Katika injini iliyolika, nafasi kati ya vyuma zimepanuka. Oili nyepesi mno, kama 0W-20 iliyotengenezwa kwa injini za siku hizi, hupenya katika nafasi hizo, msukumo wake ukapungua, na nyingine ikaungua ndani ya silinda. Hapo ndipo tuonapo moshi wa buluu ukitoka nyuma ya gari.

Lakini oili nzito mno nayo ina hatari yake. Yatazameni mawese yatokayo upande wa ziwa. Yakiletwa huku juu, asubuhi ya baridi huganda chupani. Yakiwekwa motoni huwa mepesi kama maji. Oili ya injini haigandi hivyo, lakini tabia yake yafanana na hiyo: baridi huizuia, joto huilegeza. Gari likiwashwa alfajiri, oili nzito huchelewa kupanda mpaka juu ya injini, na katika muda huo mfupi vyuma husuguana karibu vikavu. Ndiyo sababu dereva mwenye busara hakanyagi mafuta kwa nguvu mara awashapo gari. Huiacha injini izunguke polepole kwanza.

Basi tutachaguaje? Tusome namba iliyoandikwa juu ya kopo. Herufi SAE ni za chama cha wahandisi wa motokaa kilichoundwa Marekani mwaka 1905, nacho kilitoa utaratibu wa kupanga oili kwa uzito wake mwaka 1911. Tukiona 20W-50, namba ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha tabia ya oili katika baridi: kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili itiririkavyo upesi. Namba ya pili ni tabia yake katika joto la injini: kadiri ilivyo kubwa, ndivyo utando ubakivyo mnene. Kwa motokaa nyingi za zamani za petroli 20W-50 yafaa, na kwa nyingi za dizeli 15W-40. Lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Tazameni pia herufi nyingine: daraja zianzazo na S ni za petroli, zianzazo na C ni za dizeli.

Tulipata kuona lori moja limekwama mlimani, magunia ya maharagwe yamepangwa kando ya njia yakinyeshewa mvua. Mwenyewe alikuwa amenunua oili ya bei nafuu katika chupa isiyo na muhuri. Kumbe ilikwisha kutumika, ikachujwa, ikauzwa kama mpya. Alipunguza gharama ya chupa moja, akapoteza injini nzima pamoja na mavuno ya jirani zake. Kwa hiyo nunueni kopo lisilofunguliwa, kwa mwuzaji mnayemjua.

Tena oili njema isiyotunzwa haina faida. Kabla ya safari, gari likiwa mahali pa sawa na injini imetulia, chomoeni kijiti cha kupimia. Oili isipungue alama ya chini, wala isipite alama ya juu. Ikiwa nyeusi katika injini ya dizeli, msiogope. Imebeba masizi, ndiyo kazi yake. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Msisafiri, mwiteni fundi. Mafundi wengi hubadili oili kila kilomita 5,000. Kwa gari kuukuu lipandalo milima katika vumbi la kiangazi, yafaa kufupisha mpaka 3,000, na chujio la oili libadilishwe pamoja. Chujio la hewa nalo lisisahauliwe, maana vumbi la njia likiingia ndani husaga vyuma kama msasa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kopo la oili ni ufa. Injini mpya ni ukuta. Kwaherini, na safari njema.