Macho Marekani, Kura Kilwa

(Hotuba kwa wanachama, Kilwa Masoko)



Kila baada ya miaka minne, Wamarekani wakichagua Rais wao, sisi wa pwani hii, tangu Kilwa hata Lindi, twakesha mbele ya televisheni za wageni. Tulikesha mwaka 2008. Saa 1 asubuhi ya tarehe 5 Novemba zikatangaza kwamba Barack Obama ameshinda. Tulishangilia kama harusi ya nyumbani. Jirani zetu wa Kenya, alikozaliwa baba yake, walipewa siku ya mapumziko nchi nzima.

Furaha ile hatuilaumu. Lakini tujiulize: ni nani aliyetangaza? Hakuwa msimamizi wa uchaguzi. Ni makampuni ya televisheni, yakipiga hesabu zao kabla kura zote hazijahesabiwa. Mwaka 2000 yalisema Al Gore ameshinda jimbo la Florida, yakafuta kauli. Yakasema George Bush ndiye Rais, yakafuta tena. Neno la mwisho lilitoka mahakamani siku 35 baadaye, kwa tofauti ya kura 537 tu. Basi tusimeze kila neno kwa kuwa limetoka ng'ambo.

Na liko jambo zito zaidi. Vijana wetu wajua kwamba mgombea wa Marekani hutafuta kura 270 za wajumbe kati ya 538. Waulize diwani wa kata yao aliahidi nini, watatazamana. Televisheni ya London au Atlanta haitakuja kutuambia ushuru wa samaki wa Kivinje umekwenda wapi, wala gesi ya Songosongo, iliyoanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, imetuletea nini. Kuuliza hayo ni kazi yetu wenyewe.

Mwaka 1960, TANU ilipopata viti 70 kati ya 71, wazee wetu hawakuwa na televisheni. Bara iliipata mwaka 1994. Walikuwa na mikutano, na ujasiri wa kuuliza.

Ndugu zangu, mcheza kwao hutuzwa. Tuyatazame ya Marekani, tujifunze. Lakini siku ya mkutano wa kijiji, wakati hesabu za mapato na matumizi zinaposomwa, tufike wote tuliokesha, tusikilize, tuulize.

Uhuru na Kazi!