Tujue Tunachogawa: Maabara ya Chuo Kikuu na Mbegu za Muhogo

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika)



Nimeombwa nieleze kwa nini bajeti ya mradi wa muhogo ina kifungu kipya cha "huduma ya maabara". Wapo waliouliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kununulia majembe. Swali hilo ni la haki.

Muhogo tunaupanda kwa pingili. Shina likiwa na ugonjwa, kila pingili inayokatwa hapo inaweza kwenda nao. Basi shamba la mbegu la usharika likiwa na virusi, ukarimu wetu ndio utakaoupeleka ugonjwa kwa majirani.

Batobato tunaijua: majani hukunjamana na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia, ambayo H. H. Storey aliieleza kitaalamu mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga, ni ya hila zaidi. Mmea unaweza kuonekana mzima, kumbe mizizi imeoza ndani. Mama wa nyumbani huligundua hilo siku ya kuvuna.

Hapo ndipo maabara inaposaidia. Kipimo cha PCR huonyesha kama virusi vinavyotafutwa vimo. Kusoma mpangilio wa vinasaba ni hatua ya pili: herufi nne, A, C, G na T, husomwa moja baada ya nyingine na kulinganishwa na kumbukumbu za dunia ili kujua ni aina gani hasa. Njia aliyoianzisha Frederick Sanger mwaka 1977 bado inatumika. Mwaka 2018 watafiti walisoma vinasaba vya virusi vya muhogo shambani, chini ya mti, kwa kifaa kinachoshikika mkononi. Lakini kama swali letu ni "vimo au havimo" tu, mara nyingi PCR inatosha. Tusilipie tusichokihitaji.

Kamati inayotaka huduma hii izingatie yafuatayo:

Kwanza, wasilianeni na maabara kabla ya kuchuma jani. Ulizeni bei kwa sampuli, jani lipi lichumwe, lihifadhiweje, na majibu yatachukua muda gani. Tajeni ugonjwa mnaoushuku, kwa maana virusi vya michirizi vina RNA, ambayo lazima kwanza inakiliwe kuwa DNA. Sahani za maabara huwa na visima 96, hivyo sharika jirani zikipeleka sampuli pamoja, maabara itazishughulikia kwa urahisi zaidi.

Pili, kila mmea uwe na bahasha yake. Andikeni kwa penseli namba, aina ya muhogo, kijiji na tarehe. Bahasha zikichanganyika, hakuna mashine itakayozitenganisha.

Tatu, kubalianeni kwa maandishi kwamba mtapewa maelezo ya Kiswahili. Mchoro wa rangi nne usio na maelezo haumsaidii mkulima.

Nne, tuanze na vyuo vya nyumbani. Kupeleka sehemu za mimea nje ya nchi kunahitaji vibali.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Majibu yakionyesha ugonjwa, tutamwambia mjane ang'oe muhogo ambao ndio chakula chake cha mwaka. Kabla ya kupima, kamati iamue atapewa nini: pingili safi, na chakula cha kumvusha hadi avune. Bila hayo hatang'oa, nami sitamlaumu. Kumpima mtu shamba lake kisha kumwacha na habari mbaya si huduma.

Tena, jibu safi si kinga. Inzi weupe wanaweza kuleta virusi baada ya wiki chache. Ukaguzi wa shamba uendelee.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Taarifa zetu zimezoea kuhesabu kaya zilizopewa mbegu. Tuulizeni pia ni mashamba mangapi ya mbegu yaliyopimwa kabla ya kugawa. Mkiuliza hivyo, nasi hatutakimbilia idadi.