Kuchanja Samaki wa Mabwawa: Maneno kwa Wafugaji wa Kanja, Embu



Hapana mtu wa Kanja anayeshangaa akiona ng'ombe anadungwa sindano. Wazee wajua habari za sotoka, maradhi yaliyokuwa yakimaliza zizi zima, tena wajua ya kuwa yamekwisha. Bwana Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo yake huko Muguga, karibu na Nairobi, na mwaka wa 2011 ilitangazwa kuwa sotoka haiko tena duniani. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa kwamba samaki naye huchanjwa, hucheka. Huuliza, "Atashikwaje, na sindano itaingia wapi?" Swali hilo si la upuzi, na jibu lake lamhusu kila mwenye bwawa.

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika nchi zinazouzunguka Mlima Kenya. Kituo cha Sagana kilianza mwaka wa 1948. Walakini mabwawa yalizidi sana tangu mwaka wa 2009, Serikali ilipoanza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140. Kila bwawa lilikuwa la mita za mraba 300, nalo hutiwa vifaranga 1,000 hivi. Mengine yaliachwa baadaye yakaota nyasi, bali mengine yanalisha nyumba hata leo.

Maji yatokayo mlimani ni baridi, na perege, yaani tilapia, hukua polepole humo. Mwenye bwawa humlisha samaki wake miezi minane au zaidi kabla ya kuona senti. Karo ya mtoto imo ndani ya maji yale. Ndipo asubuhi moja huona samaki watatu wanaelea, kesho wanane, na kesho kutwa hathubutu kuhesabu.

Jambo la kwanza ni kujua kama hayo ni maradhi au ni kukosa hewa. Samaki wakikosa hewa huja juu alfajiri wakitwetea, na wengi hufa kwa usiku mmoja, hasa wale wakubwa. Wenye maradhi ya bakteria hufa wachache wachache kwa siku nyingi. Huacha kula, huwa na vidonda, mapezi yao hulika, tumbo huvimba, au macho hutokeza nje na samaki huzunguka kama mlevi. Bwawa lililokosa hewa lahitaji maji mapya upesi, na chanjo haina kazi hapo.

Wako watu ambao, wakiona vidonda tu, hukimbilia dukani kununua dawa za antibayotiki na kuzimwaga bwawani. Hasara ya desturi hii ni kubwa, maana samaki mgonjwa hali, kwa hiyo dawa iliyotiwa katika chakula haimfikii. Na iliyomwagwa majini huenda mtoni, ikawazoeza vijidudu kuishinda dawa ile. Watu wa Norway walipita njia hiyo. Mwaka wa 1987 wafugaji wao wa samaki aina ya samoni walitumia karibu tani 50 za dawa hizo. Baadaye wakashika chanjo. Siku hizi wanavuna zaidi ya tani milioni moja za samaki kwa mwaka, na antibayotiki wanayotumia haifiki hata tani moja.

Chanjo yenyewe ni kitu gani? Ni vijidudu vya maradhi vilivyouawa au kudhoofishwa, ambavyo mwili wa samaki huonyeshwa ili ujifunze kujikinga kabla ya adui mwenyewe kufika. Mwaka wa 1942 mtaalamu mmoja wa Kanada, Bwana Duff, alitoa habari za samaki aina ya trauti aliowalisha vijidudu vilivyouawa, wakapata kinga. Mwaka wa 1976 chanjo ya kwanza ya samaki ya kuuzwa ilipata ruhusa huko Marekani, nayo ilikuwa ya kuwakinga trauti na ugonjwa wa mdomo mwekundu.

Basi samaki hushikwaje? Vifaranga havidungwi. Huchotwa kwa wavu na kuzamishwa katika maji yaliyochanganywa na chanjo, na kinga huingia kwa mashavu na ngozi. Samaki aliyekwisha kukua kidogo, wa gramu 15 au 20 na kuendelea, hufungishwa kula siku moja au zaidi, hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha hudungwa tumboni kipimo kidogo mno, sehemu ya kumi ya mililita au chini yake. Mwenye kudunga na aangalie vidole vyake: chanjo nyingine zimetiwa mafuta, na mtu akijidunga hana budi kwenda hospitali mara moja na kichupa chake mkononi.

Chanjo ya mdomo mwekundu yatufundisha hesabu yenye maana. Lita moja huchanganywa na lita tisa za maji, na samaki huzamishwa nusu dakika tu. Lita hiyo yatosha kilo 100 za samaki. Kama kila kifaranga kina gramu tano, hao ni samaki 20,000, nao ni mabwawa ishirini ya watu wa kawaida. Mtu mmoja akinunua chupa hiyo peke yake, sehemu kubwa itaharibika, kwa kuwa ikishachanganywa haiwekwi. Chanjo nyingine zina vipimo vyao, lakini shida ni ile ile. Kwa sababu hiyo mahali pa kuchanja ni pale vifaranga vinapozaliwa, kabla havijagawanywa. Watu wa Kanja wanaouza kahawa kwa chama cha ushirika waweza vile vile kwenda ishirini pamoja kwa mwenye kuzalisha vifaranga, wakamtaka achanje kabla ya kuwauzia.

Baridi nayo ina neno lake. Samaki hana joto lake mwenyewe, na kinga yake huja upesi au polepole kwa kadiri ya maji. Wataalamu huzidisha joto kwa siku. Ikiwa chanjo yahitaji 400, basi katika maji ya nyuzi 20 samaki atangoja siku 20. Katika maji ya nyuzi 16 atangoja siku 25. Akikutana na maradhi kabla ya siku hizo aweza kufa, na jirani watasema chanjo ni uongo.

Tena chanjo huzuia vijidudu vile tu ilivyotengenezewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipochunguza samaki wa mabwawa ya Kirinyaga, jirani na Embu, waliona bakteria wa namna nyingi, akiwamo yule aitwaye Aeromonas, ambaye hukaa majini siku zote akingoja samaki aliyechoka. Huko Ziwa Kariba, perege waliposhambuliwa na Lactococcus, wataalamu wa Zambia na Norway walitwaa kijidudu kile kile wakatengeneza chanjo yake, na katika majaribio iliwakinga samaki. Walianza kwa kumjua adui kwa jina. Anayeuziwa chupa isiyosema inazuia maradhi gani, wala haina kibali cha Kurugenzi ya Dawa za Mifugo ya Kenya, asitoe pesa.

Kwa hiyo samaki wakianza kufa, asichukuliwe aliyeoza. Achukuliwe yule anayekaribia kufa, atiwe katika mfuko safi, mfuko uwekwe juu ya barafu, apelekwe siku ile ile kwa ofisa wa uvuvi wa kaunti. Waliokufa wazikwe mbali na mto pamoja na chokaa, na wavu wa bwawa lile usiazimwe kwa jirani. Kwenye karatasi na yaandikwe mambo matatu: wangapi wamekufa kila siku, joto la maji, na shamba vifaranga vilikotoka.