Wageni wa Chicago na Hati ya Kanisa Lao

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, nanyi wanachama wote,

Kamati imetuagiza tuseme maneno machache kabla ya kura ya kiwanja chetu, yaani hati iandikwe kwa jina la nani. Tumeona yafaa tuwasimulie habari za watu waliokuwa wageni mjini kama sisi, nao wakalikuta jambo hili hili.

Watu hao ni Wapolandi wa Chicago, katika Marekani. Nchi yao iligawanywa na Prussia, Urusi na Austria, hata mwaka 1795 ikatoweka katika ramani. Baadaye wengi wao walivuka bahari kutafuta riziki. Walipofika Chicago hawakuanza na kanisa, bali walianza na chama kama hiki. Walikiunda mwaka 1864, wakakipa jina la Mtakatifu Stanislaus Kostka, kusudi wasaidiane na kupata padre wa lugha yao. Mwaka 1867 chama kikazaa parokia ya jina hilo.

Tangu 1874 hata alipofariki mwaka 1899, mchungaji wao alikuwa Padre Wincenty Barzyński wa Shirika la Ufufuko. Kanisa kubwa lilianza kujengwa mwaka 1877, likabarikiwa mwaka 1881. Kufikia 1897 parokia ilihesabiwa kuwa na jamaa zipatazo 8,000, yaani watu kama 40,000, na wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono. Kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Lakini tusidhani kwamba yote yalikuwa asali. Mwaka 1873 Wapolandi wengine walijenga kanisa la Utatu Mtakatifu, mwendo wa dakika chache kutoka lile la kwanza. Waumini wa hapo walitaka hati ikae mikononi mwa wadhamini waliowachagua wenyewe, kwa kuwa fedha zilikuwa zao. Askofu naye alitaka iandikwe kwa jina lake, kama ilivyokuwa desturi ya jimbo. Padre Barzyński akasimama upande wa askofu. Ndugu wakagawanyika, na kanisa likafungwa mara kadhaa. Ugomvi haukukoma hata mwaka 1893, alipokuja Askofu Mkuu Francesco Satolli, mjumbe wa Papa. Ndipo milango ikafunguliwa, na parokia ikawekwa chini ya mapadre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu.

Fikirini, wazee wetu: mtoto aliyezaliwa mwaka lilipojengwa kanisa alikuwa mtu mzima siku ya mapatano. Sisi hatutoi hukumu kwamba ni nani aliyekuwa na haki. Twasema tu kwamba walipandisha kuta kabla ya kuafikiana juu ya karatasi. Fedha ikisha kuchangwa, kila senti huwa na mdomo.

Liko na jambo la pili. Barabara kuu ya magari iliyofunguliwa mwaka 1960 ilipindishwa isilibomoe kanisa la Mtakatifu Stanislaus, nalo lingali limesimama. Lakini wajukuu wengi wa waanzilishi walihamia mitaa mingine, na mahali pao wakaja watu wenye asili ya Meksiko na Puerto Rico. Leo Misa husomwa humo kwa Kipolandi, Kihispania na Kiingereza. Waliojenga hawakuwajua watakaorithi.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Kwanza, neno la hati na liamuliwe leo, mbele ya watu wote, liandikwe na kusomwa kwa sauti, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Maana mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, hati hiyo isiwafungie mlango watoto wetu wala wageni watakaokuja baada yetu. Asiyekubali na aseme sasa, nasi tutamsikiliza kwa adabu. Kunena leo ni afadhali kuliko kugombana miaka 20.

Mungu awape wazee wetu busara, nasi atupe utii.

Ni sisi watumishi wenu.